Fedha za Mwindaji Hulala Wapi?

Kila ifikapo Julai, msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa Tanzania, mabishano yale yale hufunguliwa pamoja nao. Upande mmoja husema kwamba mgeni mmoja mwenye bunduki huacha fedha nyingi kuliko kundi zima la watalii wenye kamera; upande wa pili hujibu kwamba fedha hizo hazifiki kijijini, na kwamba mnyama aliye hai ana thamani kuliko ngozi yake. Pande zote mbili huweza kuwa na takwimu sahihi na bado zikapotosha, kwa sababu kila upande unapima kitu chake. Mmoja hupima fedha zilizotoka mfukoni mwa mgeni, mwingine hupima zilizofika mkononi mwa mwanakijiji, na kati ya mfuko ule na mkono huu kuna safari ndefu ambayo ndiyo inayoamua kama eneo limenufaika au limepitiwa tu.

Tuanze na ankara yenyewe. Mgeni anayetaka kuwinda simba au tembo hukata kibali cha siku 21, na kwa muda huo huilipa kampuni gharama ya kila siku ya kambi, gari, mwindaji bingwa, wasoma nyayo, wachuna ngozi na wapishi. Juu ya hapo kuna ada ya kibali, ada ya uhifadhi inayohesabiwa kwa siku, na ada ya kila mnyama aliyeuawa, ambayo viwango vyake huchapishwa katika kanuni na hupanda kutoka kanga na swala hadi nyati, chui na simba. Kampuni nayo huilipa Serikali ada ya kitalu, yaani eneo la pori ililogawiwa kuwindia, kila mwaka, mgeni awe amekuja au hakuja. Nje ya hayo kuna tiketi ya ndege ya kimataifa, ndege ndogo ya kukodi kutoka Dar es Salaam au Arusha hadi porini, usafirishaji wa nyara, na kazi ya kuzitengeneza ngozi na vichwa, ambayo mara nyingi hufanyika nchini kwa mteja. Safari nyingi pia huuzwa katika maonyesho ya wawindaji huko Marekani na Ulaya, ambako wakala hukata kamisheni yake kabla hata senti moja haijavuka bahari.

Ukizijumlisha fedha zote hizo, utapata matumizi, na matumizi ndicho kipimo kinachotangazwa mara nyingi zaidi kwa sababu ndicho kikubwa zaidi. Marekani, ambako hesabu za namna hii zimezoeleka, wizara inayosimamia maliasili ilikadiria kwamba mwaka 2016 watu milioni 35.8 wenye umri wa miaka 16 na zaidi walivua samaki kwa burudani na kutumia dola bilioni 46.1 katika shughuli hiyo. Ni tarakimu nzito, na haina kosa, lakini ndani yake mna mashua, magari, mafuta, mahema na chakula, yaani gharama ambazo kila moja ina mwenyewe mahali fulani. Mto unapovuliwa jimbo moja kwa ndoana iliyotengenezwa nchi nyingine, fedha za ndoana haziwezi kuhesabiwa kuwa pato la kijiji kilicho kando ya mto. Matumizi yanatuambia burudani imemgharimu mwenyewe kiasi gani, lakini hayatuambii eneo limebaki na nini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuuliza fedha zinavuja wapi. Chukua kambi ya uwindaji katika wilaya kama Liwale, kusini mwa Tanzania. Gari limetoka Japani, dizeli imeshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Ghuba, mvinyo wa mgeni umetoka Afrika Kusini, na mwindaji bingwa hulipwa kupitia akaunti iliyoko mjini au ng'ambo. Kinachobaki wilayani ni mishahara ya wasoma nyayo, wapishi, walinzi na vibarua wanaofyeka njia baada ya mvua, pamoja na unga, kuku, mayai na vitunguu, endapo mpishi mkuu amekubali kuvinunua pale badala ya kuvipakia Dar es Salaam. Shilingi ya msoma nyayo huzunguka: hulipa karo, hununua bati dukani, na mwenye duka humlipa fundi. Wachumi hupenda kuuhesabu mzunguko huu kwa kuzidisha, na hapo ndipo udanganyifu mdogo mdogo hupenya, kwa sababu uzidishaji unaofaa mji wenye viwanda na maghala haufai wilaya ambayo karibu kila bidhaa ya dukani imeletwa kwa lori kutoka mbali. Shilingi ya Liwale huzunguka mara chache kabla haijapanda basi.

Hatua ya pili ni kuuliza kama fedha hizo ni ngeni kweli. Mkazi wa Nairobi anayeshuka Watamu mwezi wa Desemba kukodi mashua na kuvua sulisuli analeta fedha mpya katika Kaunti ya Kilifi, lakini kwa Kenya nzima hajaleta kitu, kwa kuwa asingekwenda Watamu angezitumia Naivasha au Nairobi kwenyewe. Mgeni kutoka Texas, kwa upande wake, ni fedha mpya kwa kaunti na kwa taifa pia, isipokuwa kama angekuja vilevile kutazama wanyama hata bila bunduki. Ndiyo maana ripoti mbili zinaweza kuutazama uvuvi ule ule na kutoa majibu yanayogongana bila yeyote kusema uongo: moja imechora mpaka kuzunguka kaunti, nyingine imeuchora kuzunguka nchi. Msomaji anayekutana na neno "eneo" katika ripoti ya namna hii anafanya vyema kwanza kutafuta mpaka huo umechorwa wapi.

Sehemu iliyo rahisi zaidi kufuatilia ni ile inayopita serikalini. Uwindaji wa kitalii Tanzania husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Kwa miaka mingi vitalu viligawiwa kwa uamuzi wa kiofisi na kwa bei iliyopangwa, ambayo haikutegemea sana ubora wa kitalu. Matokeo yake yalikuwa yale yanayotarajiwa pale kitu cha thamani kinapouzwa kwa bei ya chini kuliko soko: baadhi ya waliopata vitalu hawakuwa na wateja wala mtaji, wakawaachia wageni wavitumie kwa makubaliano ya pembeni, na tofauti ya bei, ambayo ilipaswa kuwa mali ya umma, ikaingia mifukoni mwa wachache. Oktoba 2017 Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Hamisi Kigwangalla, alitangaza kufuta vibali vilivyokuwa vimetolewa na kuagiza vitalu vigawiwe kwa mnada, na minada ya kielektroniki ikaanza mwaka 2019. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa na uzito kuliko mabadiliko yoyote ya ada ya mnyama mmoja mmoja, kwa sababu ada ya mnyama hupangwa mezani, ilhali mnada humlazimisha mnunuzi kuonyesha kitalu kina thamani gani kwake.

Kijiji kinaingiaje katika mgawanyo huo? Tangu mwaka 2003 vijiji vilivyo jirani na hifadhi vimeweza kutenga sehemu ya ardhi yao na kuunda Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, ambazo wengi huziita WMA, kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza. Ikona iko pembeni ya Serengeti, Enduimet iko chini ya Kilimanjaro, na MBOMIPA, ambayo jina lake ni kifupi cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, iko karibu na Ruaha. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2012, jumuiya yenye kitalu cha uwindaji ilipaswa kupata asilimia 75 ya ada ya kitalu na asilimia 45 ya ada za wanyama waliowindwa, na angalau nusu ya mapato yake ilipaswa kwenda kwenye vijiji wanachama. Kwenye karatasi mgawanyo huo ni wa ukarimu. Hata hivyo, fedha hupita kwanza katika akaunti kuu ndipo zirudi, na jumuiya inayosubiri mgawo wake kwa miezi haiwezi kuwalipa askari wake wa doria kwa wakati. Tena, nusu ya mapato ikigawanywa kwa vijiji kumi au zaidi, na kila kijiji kina maelfu ya watu, kinachofika ni mchango wa darasa, zahanati au kisima, ambao mwanakijiji mmoja mmoja hauoni ukiingia nyumbani kwake.

Na mwanakijiji huyo ana hesabu yake. Tembo aliyelala hifadhini mchana huingia shambani usiku, na ekari mbili za mahindi zikishaliwa hakuna darasa litakalojaza ghala. Serikali ina utaratibu wa malipo ambayo yamepewa majina ya kweli kuliko istilahi nyingi za kiofisi: kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Majina yenyewe yanakiri kwamba malipo haya si fidia, kwani fidia ingelazimika kulingana na hasara. Makala nyingi za kutetea uwindaji huorodhesha mapato ya kijiji bila safu hii ya pili, na makala nyingi za kuupinga husahau kwamba tembo atakula mahindi yale yale hata kama aliyekuja kumwona ana kamera.

Gharama nyingine isiyoandikwa kwenye ankara ni matumizi ambayo ardhi imenyimwa. Huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kampuni kutoka Falme za Kiarabu ilipewa kitalu mwaka 1992, na tangu hapo mgogoro kati ya uwindaji na malisho ya Wamaasai haujapoa. Mwaka 2022 kilomita za mraba zipatazo 1,500 za ardhi hiyo zilitengwa kuwa Pori la Akiba la Pololeti. Mahali kama hapo mapato ya uwindaji hayawezi kupimwa peke yake, kwa sababu nyasi zile zilikuwa na kazi tayari. Ni lazima yawekwe kwenye mizani pamoja na ng'ombe, maziwa na kiangazi ambacho mfugaji angekivuka kwa malisho hayo.

Kusini mambo ni tofauti, na hapo ndipo hoja ya wawindaji inapopata nguvu. Pori la Akiba la Selous lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50,000, karibu sawa na Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Watalii wa picha walikwenda zaidi sehemu ya kaskazini, kando ya mto Rufiji, penye maziwa, viboko na mandhari ya wazi. Sehemu kubwa iliyobaki ni miombo: miti iliyosongamana, mbung'o wasiompa mtu nafasi ya kupumua, barabara zisizopitika masika, na wanyama wasioonekana kwa urahisi. Mtalii aliyelipia kuona simba watano kabla ya chakula cha mchana hatakwenda huko, lakini mwindaji huenda, tena ugumu wenyewe ni sehemu ya anachokilipia. Kwa hiyo kusema "waleteni watalii wa picha badala yake" ni sawa Serengeti, ila miomboni ni kauli inayohitaji kuthibitishwa. Uchunguzi wa wataalamu uliofanyika mwaka 2007 ulikadiria kwamba ardhi iliyotumika kwa uwindaji wa kitalii kusini mwa Sahara ilifikia kilomita za mraba milioni 1.4, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya aina hii.

Selous inatufundisha pia kwamba mapato na uhifadhi havifungamani vyenyewe. Tembo wa eneo hilo walihesabiwa kuwa takriban 109,000 mwaka 1976, kisha ujangili wa miaka ya 1980 ukawapunguza vibaya. Katika miaka ya 1990 pori liliruhusiwa kubaki na nusu ya mapato yake, ambayo kwa sehemu kubwa yalitokana na uwindaji, na fedha hizo zikanunua magari, mafuta na posho za doria. Kufikia mwaka 2006 tembo walikadiriwa kuwa takriban 70,000. Katikati ya miaka ya 2000 utaratibu huo uliachwa na mapato yakaelekezwa Hazina, bajeti ya pori ikanywea, soko la pembe za ndovu la Asia likapamba moto, na sensa ya mwaka 2013 ikakuta tembo takriban 13,000 tu. Mwaka uliofuata UNESCO iliiweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Wawindaji waliendelea kuja na kulipa miaka yote hiyo. Tofauti haikuwa kiasi walicholipa. Tofauti ilikuwa mahali fedha zilipolala.

Marekani walilifunga jambo hili kwa sheria mapema. Tangu mwaka 1937 kodi inayotozwa kwenye bunduki ndefu na risasi, ambayo sasa ni asilimia 11, haiingii katika mfuko wa jumla, bali hugawiwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori, na mwaka 1950 zana za uvuvi wa burudani zikawekewa utaratibu wa aina hiyo hiyo. Jimbo likichepusha fedha za leseni za uwindaji kwa kazi nyingine, linajiweka katika hatari ya kupoteza mgawo wake.

Nini hutokea fedha zinapokatika ghafla? Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe, na baada ya kuuawa kwa simba mashuhuri aliyeitwa Cecil karibu na Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, Julai 2015, masharti ya nyara za simba yakakazwa Marekani huku Ufaransa ikizifungia. Simba na tembo ndio waliokuwa wakiivuta ile safari ya siku 21, na bila wao kitalu cha pembeni hakilipi hata mafuta ya kambi. Vitalu kadhaa vilirudishwa serikalini. Pale kampuni ilipoondoka, doria yake iliondoka nayo, na ng'ombe, majembe na mikaa haikuchelewa. Lakini picha hiyo haimpi mwindaji ushindi kamili. Kanuni iliyozitaka kampuni zilipe angalau asilimia 40 ya thamani ya mgawo wao wa wanyama, wawe wamewindwa au la, ilikusudiwa kulinda mapato, ila ilimpa mwenye kitalu kilichochoka sababu ya kuendelea kupiga risasi. Dume la simba likiuawa kabla ya umri, dume jipya linalotwaa familia huua watoto, na hasara ya risasi moja huwa ya simba kadhaa. Ndiyo sababu Tanzania iliweka umri wa miaka sita kuwa wa chini kabisa. Kenya, ambayo ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, haikuepuka upungufu pia: hesabu za anga za nyanda zake zilionyesha kwamba kati ya mwaka huo na 2016 wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68, kwa sababu ya mashamba, uzio, mifugo na ongezeko la watu. Ukitafuta ushahidi kwamba bunduki huokoa wanyama, au kwamba kuipiga marufuku huwaokoa, nchi hizi mbili zitakunyima wote.

Uvuvi wa burudani una tabia nyingine ya kiuchumi, na inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi kuliko inavyopewa nafasi. Kaskazi inapovuma, kuanzia Novemba hadi Machi, samaki wa bahari kuu kama sulisuli, nduaro na jodari husogea karibu na pwani ya Malindi, Watamu na Mkondo wa Pemba. Biashara hiyo ni ya zamani. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway mwenyewe alivua Malindi mwaka 1934. Mgeni hukodi mashua pamoja na nahodha na mabaharia wake, hulipia dizeli, barafu, chambo na hoteli, na sehemu kubwa ya mishahara hiyo huenda kwa watu wa pale pale, kwa kuwa mtu anayejua mkondo unapinda wapi hapatikani kwa kuagizwa kutoka nje. Zaidi ya hayo, sulisuli mwingi siku hizi hutiwa alama na kuachiwa, kazi ambayo African Billfish Foundation ya Watamu imeifanya kuwa kumbukumbu ya kisayansi ya pwani nzima. Simba aliyewindwa ameuzwa mara moja. Sulisuli aliyeachiwa anaweza kuuzwa tena msimu ujao, ingawa si kila anayeachiwa hupona, hasa akiwa amemeza ndoana au amepigana kwa muda mrefu.

Hata maji yana safu ya pili ya hesabu. Sangara walipopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, burudani ya wavuvi wa mshipi ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa. Ziwa likaja kupata biashara kubwa ya minofu, na likapoteza aina nyingi za samaki wadogo waitwao furu ambazo hazikuwa zikipatikana mahali pengine duniani. Baharini suala ni la mgawanyo zaidi. Sulisuli yule yule anayeachiwa asubuhi na mgeni wa Watamu anaweza kunasa usiku katika jarife la mvuvi wa kijiji jirani, na akifika sokoni huuzwa kwa kilo, vipande kwa vipande, kwa bei ambayo hailingani kabisa na ya siku moja ya kukodi mashua. Mwanauchumi ataona papo hapo kwamba samaki huyo angekuwa na thamani kubwa zaidi kwa kaunti kama angebaki majini. Mvuvi naye ataona kwamba ile ankara ya mashua haina mstari wenye jina lake, ilhali kilo alizozipeleka sokoni zimelipwa taslimu kabla ya adhuhuri.